Unga Niliougawa Ndio Nilioulishwa

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Magomeni hapa Bagamoyo, nina mke na mtoto mmoja. Nauza vifaa vya umeme. Kanisani kwetu ni katibu wa vijana, huu mwaka wa nne. Nakuandikia kwa sababu Jumapili mbili zijazo natakiwa kusimama mbele ya waumini wote nipokee cheti na kutoa ushuhuda, na kila nikikumbuka siku hiyo usingizi unapaa.

Jambo lenyewe linaanzia kwenye mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024. Unakumbuka mvua zile, mto ulivyofunika mashamba, watu wakatolewa majumbani kwa mitumbwi. Sisi na Rufiji ni mkoa mmoja wa Pwani, tukaguswa. Vijana tulichangisha unga, maharage, mafuta ya kula, sabuni na viroba 11 vya nguo. Mwisho wa Mei tukaondoka watu 14 kwa Coaster, tukapita Mbagala, Kibiti na Ikwiriri, tukavuka Daraja la Mkapa. Njia nzima tuliimba. Tulishonesha fulana za kijani zenye jina la kanisa mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa msafara, na Shangazi, nakwambia kweli, nilijiona kama Musa.

Kijiji tulichofikia karibu wote ni Waislamu. Walitupanga chini ya mwembe, wao wakasimama kwenye mstari juani. Kabla ya kugawa nikaomba. Niliomba muda mrefu sana, kwa sauti kubwa, mpaka mzee mmoja wa kanzu akanigusa bega akasema taratibu, "Mwanangu, Mungu keshasikia. Watoto hawajala tangu jana." Nilikasirika moyoni. Nilimwona ni mtu anayepinga Injili.

Tukaanza kugawa. Nilimkabidhi bibi mmoja mfuko wa unga wa kilo 5. Mpiga picha wetu akamwambia ainue mfuko, atabasamu, tena, tena. Alirudia mara tatu. Baada ya hapo nikawapa nasaha: nikawaambia wahame bondeni, waende sehemu za juu, mtu mwenye akili hajengi kwenye njia ya maji. Yule bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mbegu hamkuleta?" Nikamwambia tumeleta chakula. Akasema maji sasa yanaondoka, ardhi imelowa vizuri, huu ndio wakati wa mlau, na yeye mbegu zake zote zilikwenda na ghala. Akasema, "Mwaka wa sitini na nane nilikuwa kigoli, maji yalikuja vilevile. Yakiondoka ndiyo tunapanda." Sikuwa na jibu. Katika viroba 11 vya nguo kulikuwa na suti za wanaume na viatu vya visigino virefu. Mbegu, hata punje moja hatukuwa nayo.

Tulipanga kukaa siku sita kuwasaidia kujenga. Nyumba zao ni za fito na udongo. Mimi nikajitosa kukandika ukuta. Kila tonge nililopiga lilidondoka. Binti wa miaka kama kumi akaniambia, "Kaka, udongo wako haujakandwa." Wanawake wakacheka, si kwa ubaya, wakanipa ndoo. Kuanzia siku hiyo kazi yangu ikawa kuchota maji, na wenzangu wengi hivyohivyo. Nyumba 4 zilisimama, lakini waliozisimamisha ni wenyewe.

Siku ya nne homa ikanikamata. Kutetemeka, kutapika, sijijui. Yule bibi ndiye aliyeniingiza kwenye kibanda alichokuwa amehifadhiwa na ndugu zake. Alinilaza kwenye mkeka wake, yeye akalala chini kwenye kanga. Mjukuu wake alikwenda na baiskeli usiku kumleta mhudumu wa afya, nikapimwa, malaria, nikapewa dawa ya mseto. Alfajiri nilimsikia akiswali karibu yangu, kisha akatoka kuwasha moto. Akaniletea uji, akaninywesha kwa kijiko kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Nilipogeuza kichwa nikaona mfuko umeegemezwa kwenye jiwe la jiko. Ulikuwa mfuko wetu, una muhuri wetu wa kijani. Unga ule ule nilioupigia picha, na ulikuwa umebaki chini ya nusu, kwa sababu kibanda kile kilikuwa na watu tisa. Nikalia. Yeye akadhani ni homa.

Tulirudi salama. Sasa taarifa iliyosomwa kanisani inasema vijana wetu "walijenga nyumba 4". Kwa ajili ya Jumapili hiyo, ambayo itakuwa pia harambee ya kununua gari la huduma, limechapishwa bango kubwa: mimi na yule bibi, ameinua unga, anatabasamu. Nilimweleza mzee mmoja wa kanisa kwamba mambo hayakuwa hivyo. Akaniambia nisilete unyenyekevu wa kuharibu kazi ya Mungu, nikisema hayo wafadhili watarudisha mikono mifukoni. Nilipomwambia mke wangu kwamba nitasimama niseme yote, hata ile ya kulishwa kwa kijiko, akanijibu, "Utalia, watu watalia, na utasifiwa zaidi ya mwanzo. Hicho ndicho unachotafuta?" Neno hilo limenichoma kuliko la mzee.

Shangazi, nisimame niseme, au nikatae cheti nikae kimya? Na je, mtu akieleza alivyoaibika, hiyo nayo si majivuno ya namna nyingine?

Mimi, Mwenye Deni, Bagamoyo.

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwenye kiti, ya pili nimesimama. Nashukuru umeandika kila kitu, hadi fulana na Musa.

Niruhusu nianze na kile ambacho hakimo. Umenieleza aibu yako ya juani, aibu ya ukutani, aibu ya kitandani, na sasa aibu ya bango. Nimetafuta mstari mmoja unaosema yule bibi leo anaishije. Amerudi kwake? Nyumba yake ni mojawapo ya zile nne? Alipata mbegu? Sikuuona. Mke wako amekugusa penyewe, ila mimi nitalisema kwa namna yangu: hata majuto yako bado yanakuzunguka wewe. Wakati ule ulikuwa katikati ya picha ukiwa shujaa, sasa uko katikati ukiwa mkosaji, na bibi yuko palepale pembeni ameshika mfuko.

Usivunjike moyo kwa hili. Nakwambia kwa sababu naamini umeshaanza kutoka humo, la sivyo usingeandika.

Unauliza kama kueleza aibu ni majivuno. Inategemea nani anabaki kwenye akili za watu ukishakaa chini. Wakienda nyumbani wanasema "yule kijana ana moyo", umejitangaza. Wakienda wanasema "kumbe wale watu wanajua kuishi na ule mto, na sisi hatukuwauliza hata wanahitaji nini", umeshuhudia. Kwa hiyo simama, mwanangu. Kunyamaza hapa kutaiacha taarifa ile isemwe bila wewe, na taarifa ile si kweli. Nyumba 4 zilijengwa na wenyewe, vijana wetu walichota maji. Kuchota maji ni kazi ya heshima, sioni kwa nini mtu aione haya mpaka aibadilishe jina. Ile ya kijiko iseme kwa sentensi moja, au iache. Kama unajijua ni mwepesi wa machozi, andika kwenye karatasi usome.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28 kuna safari ambayo ningependa uisome upya ukiwa na Rufiji kichwani. Paulo anapata ajali ya meli, watu 276 wanafika ufukweni Melita, ndiyo Malta ya leo, wamelowa, hawana kitu. Wenyeji wa kisiwa, ambao si Wakristo wala si Wayahudi, wanawasha moto na kuwakaribisha wote, kwa sababu ya mvua na baridi. Mtume mkubwa, mwenye nyaraka na mahubiri, analishwa na kuoteshwa moto na watu wasiomjua Kristo. Na kitu cha kwanza tunachoambiwa amekifanya pale ufukweni ni kukusanya mzigo wa kuni autie kwenye moto wa wenyeji. Anasaidia moto ambao hakuuwasha yeye. Kuwaombea wagonjwa wa kisiwa kunakuja baadaye, akiwa tayari amekaa kwao kama mgeni. Wewe ulifanya kinyume: uliomba kwanza, ukahubiri, ukashauri, ndipo ukapewa ndoo. Lakini ndoo ile ndiyo kuni zako. Huduma yako Rufiji ilianza hapo, na wala mpiga picha hakuwepo.

Hata mji wetu huu unalijua jambo hili. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapa Bagamoyo mwaka 1868, wakapokea watu waliokombolewa utumwani. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikapiga Zanzibar na pwani hii, minazi na mikarafuu ya Unguja ikalala chini, na majengo ya misheni yakabomolewa. Waliokuja kuwapa wengine paa wakaamka hawana paa. Mimi nikipita pale kwenye njia ya miembe huwa nakumbuka kwamba mtoaji na mpokeaji wanatofautiana kwa usiku mmoja tu. Na mto Ruvu unamwaga maji baharini si mbali na hapa tulipokaa.

Sasa nikuambie kuhusu ile nasaha ya kuhama bondeni, maana hapa ndipo ninapoumia. Mwaka aliokutajia bibi ni wa kweli. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa Bonde la Rufiji kwenda vijiji vya ujamaa vya sehemu za juu, na kazi hiyo ilifanyika kwa wingi mwaka 1969. Kwa hiyo ushauri uliompa kana kwamba unatoka nao mfukoni, yeye aliusikia akiwa mtoto, tena aliuishi. Watu walikuwa na sababu za kurudi mtoni. Mafuriko yanaacha tope lenye rutuba, maji yakirudi nyuma wanafuata kwa jembe, wanapanda kwenye unyevu uliobaki. Huo ndio mlau. Mashambani walikuwa wakijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili wakae na mpunga wao maji yakiwa chini. Sisemi mafuriko hayaui wala kwamba kila mtu abaki pale alipo. Nasema yule mama ni mtaalamu wa mto ule, na ulisimama mbele ya mtaalamu ukamfundisha hatua ya kwanza ya kazi yake. Swali lake la mbegu lilikuwa na adabu kubwa kuliko mahubiri yetu yote.

Kuhusu yule mzee wa kanzu: siku ukirudi, mtafute umshike mkono. Alikwambia Mungu keshasikia. Sisi tunaosema sala zetu zinasikiwa tungepaswa kufurahi kuambiwa hivyo na mtu wa dini nyingine, badala ya kununa. Mama yangu alipofariki, sufuria za kwanza kuingia uani zilitoka kwa majirani Waislamu, na hakuna aliyetuomba tusikilize kitu kabla ya kula. Bagamoyo tumelelewa hivyo. Sijui kwa nini tukivaa fulana za kanisa tunasahau malezi.

Tuje kwenye bango. Lishushwe. Hapa sina "labda". Yule mama aliinua mfuko mara tatu kwa sababu alikuwa na njaa na nyinyi mlikuwa na unga. Hiyo haiitwi ridhaa. Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni mali yake. Ila sitaki ulishushe kwa kuogopa sheria. Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada yalikubaliana kanuni 10 za maadili wakati wa maafa. Waliozidhamini si Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu peke yao, walikuwemo Caritas, Shirikisho la Walutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kanuni ya tatu inakataza kutumia msaada kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Ya kumi inataka waliopatwa na maafa waonyeshwe kama watu wenye hadhi, si vitu visivyo na tumaini. Mpelekee mzee wako wa kanisa habari hii. Aone kwamba anayemsumbua si kijana mmoja wa Magomeni mwenye homa ya unyenyekevu. Makanisa yenyewe yalishatia mkono hapo miaka mingi iliyopita.

Na huyo mzee usimwendee siku ya harambee mbele ya watu. Mathayo 18:15 iko wazi, nenda kwake, wewe na yeye peke yenu, wiki hii, na ukimaliza nenda kwa mchungaji. Mwambie utasimama, na utakachosema mwonyeshe kabla. Asishtukizwe madhabahuni, kumwaibisha mtu mzima ili wewe uonekane mkweli nako kuna harufu. Kuhusu wafadhili kurudisha mikono, mimi nimechanga harambee nyingi katika maisha yangu. Nikiambiwa "tulikosea, safari ijayo tunataka kupeleka mbegu na fedha", naongeza. Ninachokataa ni kununua gari la kubebea suti.

Cheti ukatae kwa upole, bila hotuba. Kama wakikung'ang'aniza, kiandikwe majina yote 14, kiwekwe ofisini.

Safari ijayo isiwe na fulana. Kabla hamjachangisha hata shilingi, piga simu kwa serikali ya kijiji, uliza wanahitaji nini na lini, na ukubali jibu hata kama ni "msije, tumeni fedha". Vijana 14 wageni wanahitaji maji, choo, pa kulala na chakula mahali ambapo vyote vimesombwa. Ulikula kwenye mfuko wa watu tisa. Mkienda, ugawaji wafanye viongozi wao na kwa orodha yao, nyinyi mbebe mizigo. Ukitaka kuomba, omba alfajiri mkiwa wenyewe. Wao wataona mnavyobeba.

Deni lako, mwanangu, halilipiki, na nakushauri uache kujaribu kulilipa kwa aibu. Nadhani kinachokutesa si lile bango peke yake. Ulikwenda ukiwa mtoaji, ukarudi umepewa, na mtu aliyezoea kutoa hajui aiweke wapi mikono yake akipewa. Bibi hakukuuguza ili akufundishe kitu. Alikuona mtoto wa mtu anatetemeka, akakupa mkeka. Mshukuru tu, kama mtoto anavyomshukuru bibi yake.

Umesema mjukuu wake alikwenda na baiskeli usiku kukutafutia mhudumu, kwa hiyo naamini namba ya kijana huyo unayo, na kama huna, mwenyekiti wa kijiji anayo. Piga leo, kabla ya magharibi, wakati bibi bado yuko nje. Usimweleze habari za cheti. Mwamkie, muulize afya, muulize amelala wapi msimu huu. Mwambie kuna picha yake ilibandikwa bila kumuuliza na kwamba unaishusha, umwombe radhi, usikilize atakachosema hata kama ni cheko. Kisha muulize kama alipata mbegu kwa mtu mwingine, na mahindi ya mlau yamefika wapi.